Shing'weng'we, Bibi Kizee na Bwana Msa

Kwa Wasukuma, hadithi ya kutisha ilikuwa na mahali pake: shikome, ule moto wa jioni unaowashwa uani ng'ombe wakisharudi zizini. Wazee waliota moto, vijana wakasikiliza, na kila iliposimuliwa Shing'weng'we aliimeza dunia upya. Alimeza watu, akameza ng'ombe, mbuzi na mbwa wao. Akasalia mwanamke mmoja mwenye mimba, aliyejificha kwenye lundo la pumba. Akajifungua mtoto wa kiume, Masala Kulangwa, ambaye alikua bila mwenzake wa kucheza naye, mpaka siku moja akauliza swali ambalo mama alikuwa akiliogopa: watu wengine wako wapi?

Akiisha kuelezwa, kijana akaanza kuwinda. Alikuja na panzi mkononi: mama, huyu ndiye Shing'weng'we? Siye. Akaja na ndege. Siye. Akaja na swala begani. Siye, mwanangu, Shing'weng'we ni mkubwa kuliko huyo. Msimulizi hodari hakueleza sura ya zimwi hata kidogo. Alikuwa akiongeza ukubwa wa kilicholetwa na kukikataa, na wewe uliyekaa pale na giza mgongoni ukawa unalichora zimwi mwenyewe. Waandishi wengi wa leo wanaotumia kurasa tatu kueleza meno na kucha za jini wangejifunza mengi kwa yule panzi.

Mwisho Masala Kulangwa anamuua Shing'weng'we na kumpasua tumbo. Wanatoka watu, wanatoka mifugo, anatoka na baba yake. Wanashangilia. Ila kisu kilipokuwa kikipasua kilimkata sikio bibi kizee mmoja aliyekuwa humo tumboni, naye, badala ya kushukuru, akakasirika na kutaka kumloga mkombozi wake. Ikabidi apozwe kwa zawadi ndipo asamehe, na kijana akatawala kwa amani. Kituo cha Bujora, nje ya Jiji la Mwanza, kilichoanzishwa na Padre David Clement katika miaka ya 1950, kimeihifadhi hadithi hii pamoja na ngoma na viti vya watemi.

Msikilizaji mdogo hulala akilifikiria zimwi. Mimi nimemfikiria zaidi yule bibi. Zimwi limekufa, watu wote wamerudi, na bado hadithi haitaki kuisha mpaka ipatikane ajuza wa kuogopwa.

Pwani wanayo hadithi inayofanana na hiyo kama pacha, na tofauti yake ndiyo inayonivutia. Edward Steere, mmisionari Mwingereza aliyekuja kuwa askofu Unguja, aliiandika kutoka vinywani mwa wenyeji na kuichapisha London mwaka 1870 katika mkusanyiko wake wa ngano za Waswahili. Ndiyo hadithi ya Sultani Majnuni. Sultani ana paka. Paka anakula ndama, watu wanakuja kushitaki, Sultani anajibu kwamba paka ni wake na ndama ni wake. Anakula mbuzi, anakula ng'ombe, jibu ni lile lile. Anakula mtoto wa watu. Sultani bado anamtetea. Anapokula watoto wa Sultani mwenyewe ndipo baba anapokiri kwamba huyu si paka tena, ni Nunda mla watu. Mwanawe mdogo anatoka kumtafuta, naye analeta nyumbani mnyama baada ya mnyama akimwuliza mama kama ndiye, na mama anakana.

Shing'weng'we hana alikotoka. Nunda anako: amefugwa ikulu, akalindwa na mwenye mamlaka mpaka akawashinda wote. Vijana wa Katoro, mji wa dhahabu huku Geita, wanaoniuliza wasome nini kama wanapenda kutishwa, huwa nawaanzishia hapo kwa Nunda, halafu nawaomba waiangalie kila hadithi nyingine kwa jicho hilo. Hofu hii inafugwa na nani? Historia ya hadithi za kutisha katika ukanda huu wetu wa dhahabu na almasi, ukiifuata kwa swali hilo, inakwenda mbali na vitabu na kurudi tena kwenye vitabu, na njiani kuna makaburi.

Mwaka 1929 kilitoka kitabu kilichosomwa sana mashuleni Tanganyika, *Mashimo ya Mfalme Sulemani*. Mwandishi wake, H. Rider Haggard, alikiandika kwa Kiingereza mwaka 1885. Kiswahili ni cha Frederick Johnson, yule yule tunayemjua kwa kamusi. Wazungu watatu wanakwenda kutafuta almasi ndani ya mlima, na anayewaongoza hadi kwenye hazina ni ajuza aitwaye Gagool, mzee kiasi kwamba hakuna anayejua umri wake. Yeye ndiye anayewafungia humo kwa mlango wa jiwe, na jiwe hilo hilo linamponda. Sura ya kutisha kuliko zote, kwa maoni yangu, haiko mgodini. Ni ile ya ngoma kubwa ya mfalme, pale Gagool na wenzake wanapopita mbele ya mistari ya askari, wananusa, wananyoosha fimbo kwa mtu mmoja, na mtu huyo anauawa papo hapo kwa uchawi aliosingiziwa. Hakuna ushahidi, hakuna swali. Ni kidole tu.

Wakati kitabu hicho kinaingia madarasani, mashimo ya kweli yalikuwa yakichimbwa jirani. Mgodi wa dhahabu wa Geita ulianza uzalishaji katika miaka ya 1930 ukaendelea hadi 1966. Mwaka 1940 John Williamson, mjiolojia kutoka Kanada, akagundua almasi za Mwadui karibu na Shinyanga. Mwanafunzi wa Kisukuma aliyesoma habari za hazina ya mlimani angeweza kwenda likizo na kumkuta mjomba wake kibarua wa hazina hiyo, akipekuliwa mwilini kila atokapo zamu.

Zama hizo hizo ndizo za mumiani. Kutoka Mombasa hadi Kampala, kutoka Dar es Salaam hadi migodi ya Katanga, watu walisimuliana kwamba kuna waajiriwa wa serikali wanaokamata watu usiku, kuwatia shimoni na kuwanyonya damu ili itengenezwe dawa. Kenya na Uganda waliwashuku wazimamoto, kwa sababu ya magari yao mekundu. Mwaka 1947 umati wa watu ulikishambulia kituo cha zimamoto Mombasa. Mwanahistoria Luise White alikusanya masimulizi hayo kwa miaka mingi na kuyachapisha kitabuni mwaka 2000, naye hakuyacheka. Aliyachukulia kuwa namna ya watu kuieleza kazi ya kikoloni jinsi walivyoiona: watu wa damu wanaingia, fedha inatoka. Anayependa riwaya za wanyonya damu, na ameshamsoma *Dracula* wa Bram Stoker wa mwaka 1897, akimsikiliza mzee mmoja tu aliyeishi enzi za mumiani ataona kwamba kule Ulaya mnyonya damu alikuwa bwana wa ngome milimani, huku kwetu alikuwa mtumishi wa serikali mwenye sare na mshahara.

Mumiani alikuwa Nunda. Alikuwa na mfugaji, na watu walimjua. Ila uhuru ulipokuja na wakoloni wakaondoka, hofu haikuondoka nao. Ilitafuta mtu wa karibu.

Hapa lazima niseme mambo yasiyo ya kubuni. Takwimu za serikali alizozifanyia kazi mwanaanthropolojia Simeon Mesaki wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam zinaonyesha kwamba kati ya 1970 na 1984 watu 3,693 waliuawa Tanzania Bara katika matukio ya imani za uchawi, wanaume 1,407 na wanawake 2,286. Zaidi ya nusu waliuawa mikoa ya Mwanza na Shinyanga, na Geita wakati huo ilikuwa wilaya ya Mwanza. Wengi wa wanawake hao walikuwa vikongwe. Kosa la baadhi yao lilikuwa macho mekundu.

Macho hayo yana historia yake. Sehemu kubwa ya Shinyanga ilifyekwa miti enzi za ukoloni kupambana na mbung'o, kisha mashamba ya pamba yakamaliza iliyobaki. Kuni zikawa za shida mpaka mpango wa HASHI, wa kuhifadhi ardhi Shinyanga, ulipoanza mwaka 1986 kurudisha ngitili, yale malisho ya kutengwa, na misitu. Mwanamke asiye na kuni anapikia mabua, anapikia mavi makavu ya ng'ombe. Nyumba ya jikoni ni ndogo, dirisha ni tundu la kupitisha mkono, na moshi wa mavi ya ng'ombe hauendi juu. Unatanda usawa wa uso wa mtu aliyechuchumaa. Mpishi anafuta macho kwa kanga, anapuliza moto, anafuta tena. Fanya hivyo mara mbili kwa siku kwa miaka hamsini, uone macho yako yatakuwa rangi gani. Halafu mtoto wa jirani anaugua, watu wanakwenda kwa mpiga ramli, na mpiga ramli anasema mbaya wenu ni mama mzee, yuko upande wa mashariki, ana macho mekundu. Hakutaja jina. Hana haja.

Sheria ya Uchawi ya mwaka 1928 inafanya kumtaja mtu kuwa ni mchawi kuwa kosa la jinai, na hata sasa polisi hukamata wapiga ramli chonganishi. Sungusungu nao, walioanzia Kahama na Nzega mwanzoni mwa miaka ya 1980 kupambana na wezi wa ng'ombe, mahali pengine walijikuta wanahukumu vikongwe pia. Kuna watafiti waliohusisha mauaji hayo na Operesheni Vijiji ya mwaka 1974, kwa kuwa watu waliozoea kuishi kaya mbalimbali walisogezwa wakawa ukuta kwa ukuta na majirani wasiowaamini. Sitaki kurahisisha. Lakini siwezi kumsikia Gagool akinusa watu wala yule bibi wa sikio bila kukumbuka hayo, na sitampa kijana wa Geita kitabu ambacho ajuza ndiye jibu la kila kitu kama kwamba ni burudani tupu.

Ndiyo maana Bwana Msa, mpelelezi wa riwayani, ni muhimu kuliko anavyofikiriwa.

Muhammed Said Abdulla, mwandishi wa habari wa Unguja aliyezaliwa Makunduchi mwaka 1918, alishinda mashindano ya uandishi ya Idara ya Vitabu ya Afrika Mashariki ya mwaka 1957–58, na hadithi yake ikachapishwa mwaka 1960 kwa jina *Mzimu wa Watu wa Kale*. Ilikuwa ya kwanza ya upelelezi katika Kiswahili kupata umaarufu mkubwa. Wasomi wakaiweka kwenye rafu ya upelelezi, na imebaki huko. Nadhani ingekaa vizuri pia kwenye rafu ya vitisho. Maiti ya tajiri inakutwa kwenye mzimu, mahali pa tambiko ambapo watu hawapiti ovyo. Wenyeji wana maelezo tayari: watu wa kale wamekasirika. Hofu ya mahali pale imejengwa kwa miaka mingi, na muuaji hakuwa na haja ya kuijenga upya. Aliikuta ipo, akaiazima.

Anaingia Bwana Msa na kiko chake, na rafiki yake Najum anayeuliza maswali ambayo sisi tungeuliza. Msa haudharau mzimu wala hawacheki wanaouogopa. Anavuta kiko, anatazama nyayo, anauliza nani alikuwa wapi na nani anarithi nini. Arthur Conan Doyle alifanya ufundi kama huo mwaka 1902 katika hadithi ya mbwa wa Baskerville, ambamo laana ya ukoo inageuka kuwa mpango wa mtu mwenye hesabu zake. Abdulla aliusoma ufundi wa Sherlock Holmes bila shaka, ila kwa msomaji wa Unguja, na zaidi wa Usukuma, maana yake ilikuwa nzito kuliko kwa msomaji wa London. London hapakuwa na mtu wa kuuawa jioni hiyo kwa sababu ya mbwa wa kuzimu. Kitabu kilichofuata, *Kisima cha Giningi* cha mwaka 1968, kimechukua jina la mahali ambapo, kwa imani za Visiwani, wachawi hukutana. Anza na hivi viwili, kwa mpangilio huo. Visome usiku, vinastahili.

Kwa anayetaka vitisho visivyoelezeka mwishoni, nyuma ya Abdulla yuko Shaaban Robert. *Adili na Nduguze* ya mwaka 1952 inafahamika kama kitabu cha maadili, na walimu wameifundisha hivyo mpaka tumesahau inavyoanza: liwali mwema, mwadilifu kweli kweli, kila usiku anachukua mjeledi na kuwachapa manyani wawili, kisha anawahudumia kwa chakula. Kwa nini? Kiini chake kimetoka katika *Alfu Lela u Lela*, na ndani yake mna mji mzima wa watu waliogeuka mawe. Ukivua mawaidha, unabaki na kitu cha kukunyima usingizi.

Kisha kuna kitabu ambacho ningekipa nafasi ya kwanza kama ningeruhusiwa kimoja tu: *Mirathi ya Hatari* cha C. G. Mung'ong'o, kilichotolewa na Tanzania Publishing House mwaka 1977. Kijana Gusto, msomi, anaitwa nyumbani Njombe kwa sababu baba yake anafariki. Anategemea kuachiwa shamba, labda ng'ombe. Anachoachiwa ni uchawi, pamoja na zana zake na wajibu wake. Mung'ong'o hakuchagua njia ya Bwana Msa ya kufichua kwamba hakuna kitu. Ndani ya kitabu uchawi upo, una vikao, una ngazi, una madeni. Lakini tazama alichokifanya: mchawi hapa hakuwa kikongwe wa pembezoni asiye na mtetezi. Ni baba, mwenye nyumba, mtu wa heshima, na anayekuja kuwa mchawi ni mtoto wake mwenye elimu. Hofu imetoka jikoni kwa bibi ikahamia sebuleni. Mwaka huo huo, kilomita mia kadhaa kaskazini, vikongwe walikuwa wakikatwa mapanga Usukuma. Sidhani Mung'ong'o aliandika kwa ajili yao, lakini kitabu chake kinawatetea kuliko hotuba nyingi.

Wengine nitawapitia haraka. Faraji Katalambulla alitoa *Simu ya Kifo* mwaka 1965, nzuri kwa safari ya basi. Ben Mtobwa ana *Salamu Toka Kuzimu*, na hapo nionye kwamba jina linatisha kuliko kitabu. Ni ujasusi wa Joram Kiango, mzuri kwa namna yake. William Mkufya alikwenda kuzimu kweli katika *Ziraili na Zirani* ya 1999, safari nzito ya kifalsafa isiyomfaa mtu mwenye haraka. Said Ahmed Mohamed ndiye aliyeichukua Giningi akaigeuza nchi: katika tamthilia yake *Kivuli Kinaishi* ya 1990, Bi Kirembwe anatawala kwa kiini macho mpaka wananchi wanaona wanachoambiwa waone. Katika riwaya yake *Babu Alipofufuka* ya 2001, mzuka wa babu unamtoa mjukuu kigogo kitandani na kumtembeza aione nchi aliyoifikisha hapo ilipo. Wazo la Sultani Majnuni limerudi, limevaa suti.

Euphrase Kezilahabi ni jirani yetu, mzaliwa wa Namagondo, Ukerewe, mwaka 1944, aliyefariki Januari 2020. *Nagona* ya 1990 na *Mzingile* ya 1991 ni vitabu vyembamba na havieleweki kwa usomaji wa kwanza; niliyempa mara nyingi hunirudishia akilalamika. Msafiri anafika mahali ambapo mambo yaliyozoeleka yamekoma, ukimya umetawala, na kila anayekutana naye anajibu jambo lingine. Hakuna zimwi humo, na hakuna wa kumnyooshea kidole. Mwenye kupenda ile hofu ya kupotea njia mahali unapopajua, asivikose.

Sasa tuje Katoro wenyewe. Mji uko wilayani Geita, kwenye barabara ya kwenda Chato na Bukoba, umepakana na Buseresere kiasi kwamba mgeni hajui ametoka mmoja na kuingia mwingine saa ngapi. Umekuzwa na soko na dhahabu. Watu walifuata rashi, mbio za dhahabu, kutoka Kigoma, Kagera, Mara na Tabora, na kila mmoja alikuja na hadithi zake za nyumbani. Mchimbaji aliyetoka duarani, shimoni mwa mgodi, hanunui riwaya ya kurasa mia tatu. Miaka ile alinunua gazeti lenye hadithi ya mfululizo, kama zile za Eric Shigongo, ambaye baadaye amekuwa mbunge wa Buchosa, si mbali na hapa. Akikosa toleo la wiki hii alimwuliza jirani yake kule karashani, kwenye mashine za kusaga mawe, nini kilitokea. Au aliingia kibanda cha video.

Kibanda cha video ndicho kilichokuwa shikome ya pili. Turubai jeusi madirishani, benchi za mbao, jenereta nje, na sauti ya mtafsiri juu ya sauti za filamu yenyewe. Kapteni Derek Mukandala, aliyejulikana nchi nzima kama Lufufu, aliwafanya wacheza sinema wa Marekani na Hong Kong waongee Kiswahili cha mtaani. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 tukaanza kupata vitisho vyetu: Mussa Banzi alitoa *Nsyuka*, kisha *Shumileta*, filamu za bei nafuu zenye mizuka ya unga usoni ambazo hata hivyo zilifanya watu wazima wasindikizane kwenda chooni. Steven Kanumba, mzaliwa wa Shinyanga mwaka 1984, alicheza *Devil Kingdom* na Ramsey Nouah wa Nigeria kabla ya kufariki Aprili 2012. Nyingi ya filamu hizo zilifuata mfano wa Nigeria: kuna fedha ya ghafla, kuna kafara, mwisho kuna mchungaji. Zinatisha, ndiyo. Lakini zilionyeshwa katika miji ambako kuna watu waliokuwa wakiamini kila neno.

Ni wakati huo huo, kuanzia 2006 na 2007, ambapo watu wenye ualbino walianza kuuawa Mwanza, Shinyanga na maeneo ambayo tangu 2012 ni Mkoa wa Geita. Waganga waliwaambia wachimbaji kwamba mfupa utavuta dhahabu, wakawaambia wavuvi kwamba nywele zikisukwa kwenye nyavu zitavuta sangara. Mwaka 2008 mwandishi wa BBC, Vicky Ntetema, alijifanya mteja na kurekodi waganga wakitaja bei. Baada ya hapo ilibidi ajifiche. Septemba 2009 mahakama iliyoketi Kahama iliwahukumu kunyongwa watu watatu kwa kumuua mtoto wa miaka 14. Mapema 2015 serikali ikapiga marufuku waganga wa ramli, na mwezi uliofuata mtoto wa mwaka mmoja alinyakuliwa Chato mikononi mwa mama yake.

Filamu moja ya kubuni imethubutu kuingia humo, *White Shadow* ya Noaz Deshe, iliyopigwa Tanzania kwa Kiswahili na kupata tuzo ya filamu ya kwanza ya mwongozaji katika tamasha la Venice mwaka 2013. Kijana mwenye ualbino anakimbia kutoka kijijini hadi mjini, na wanaomtafuta si majini wala mizimu. Ni watu wenye simu za mkononi wanaopatana bei. Sijaipendekeza kwa kila mtu. Naipendekeza kwa yule aliyeona *Shumileta* mara tatu akasema haogopi kitu.

Maduarani kwenyewe kuna hadithi ambazo bado zinangoja mwandishi. Zile zinazosimuliwa mwaloni, mahali pa kuoshea dhahabu, ni za mizimu inayomiliki mwamba, za sauti zinazoita jina lako ukiwa futi mia chini, za mwenye duara aliyeambiwa asioge wiki nzima. Ni tamu kusikiliza, na nyingi mwisho wake ni ule ule, kwamba mtu fulani alitolewa kafara. Mimi hutamani zaidi zile ambazo hazihitaji mzimu. Januari 2017, Nyarugusu hapa Geita, watu 15 walifukiwa mgodini na kuokolewa wote baada ya siku tatu.

Na kuna ile ya Nyangarata, Kahama. Tarehe 5 Oktoba 2015 kifusi kiliwafunika wachimbaji. Baada ya juhudi za mwanzo walionekana kuwa wamekufa. Tarehe 15 Novemba, siku ya arobaini na moja, watano wakatolewa hai. Wa sita alikuwa amefia chini, na wenzake waliishi na maiti yake gizani. Walikula mizizi, vyura na mende, wakanywa maji yaliyokuwa yakichuruzika kwenye mwamba. Taa ziliisha mapema. Kuanzia hapo hapakuwa na usiku wala mchana, na hesabu ya siku ilikuwa ya kubahatisha.

Mwandishi kijana anayetaka kuandika riwaya ya kutisha ya ukanda huu asihangaike kutafuta jini. Humo mna watu sita, kifusi, mende, na juu ya ardhi mna familia zilizokwisha kuomboleza. Aanze sura ya kwanza na matimba, magogo yanayoshikilia kuta za duara: nani aliyafunga, kwa bei gani, na nani aliyekuja kuyakagua.